Logi ya Mwezi Mmoja

Jirani yangu wa juu aliposhuka ngazi mchana ule, nilidhani amekuja kuazima tena sufuria kubwa. Alikuwa amejitupia kanga kichwani, miguu mitupu, na simu ya mkononi bado kaishika.

"Amejua nimebadilishiwa dawa," akaniambia. Hata salamu hakunipa.

Sikuuliza nani. Tulikuwa tukiishi Al Khoudh, pembezoni mwa Muscat, Oman, wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi, mume wangu na watoto tulikaa chini, na ghorofa ya juu alikodi yeye na mama yake. Alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, mtu wa Zanzibar kwa asili kama sisi, na mwaka ulikuwa haujatimia tangu aachike. Talaka aliidai mwenyewe, na mumewe aliitoa kwa mbinde.

Mtalaka wake hakuwa mtu wa fujo, na hilo ndilo lililotutia hofu. Hakupiga, hakutukana, hakupandisha sauti. Alikuja tu. Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo, akihudhuria kliniki katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, kule Ghubra. Kila akienda alimkuta kwenye maegesho, ndani ya gari, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi, kioo kakishusha nusu, anamtazama. Mwanzo tulidhani anamfuata. Mwalimu akabadilisha njia. Akaomba apangiwe siku nyingine. Safari moja mume wangu ndiye aliyempeleka, wakazungukia upande wa baharini, na walipofika wakamkuta keshaegesha. Mtu anayekufuata huja nyuma yako. Huyu alikuwa akitangulia.

Mchana ule alikuwa amempigia simu. "Hivyo vidonge vipya," alimwambia kwa upole, "mbona wamekupa vikali hivyo? Nusu ingekutosha."

"Nusu!" jirani akanirudia neno, akakaa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi. "Daktari kaniandikia jana. Hata mama sijamwambia. Wewe si uko kwenye kompyuta za pale? Niambie, shoga yangu. Kuna mtu ananisoma?"

Nikamwambia nitatazama. Nilipanda naye hadi juu, nikamkuta mama yake anachambua mchele mbele ya televisheni. Tukazungumza mambo mengine.

Hospitali ile niliingia mambo yote yakiwa bado ya karatasi. Tulipoleta kompyuta, majalada ya wagonjwa yalihamishiwa mtaa wa Ghala, kwenye bohari lililokuwa baina ya gereji na karakana za vyuma. Sisi tuliokuwa tukisema Kiswahili tulilifanyia mzaha jina la mtaa ule, kwamba hatimaye tumelipatia kazi yake. Bohari lilikuwa na karani mmoja na kompyuta moja. Daktari akitaka jalada la zamani, karani alimtafuta mgonjwa kwenye kompyuta, akasoma namba ya rafu, akalitoa jalada na kulipeleka Ghubra.

Kompyuta yetu kuu, seva, ilikuwa na tabia ambayo wagonjwa hawakuijua na wafanyakazi wengi hawakuijali. Kila mtu akifungua ukurasa wa mgonjwa, seva iliandika mstari: akaunti iliyofungua, ukurasa wa nani, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi. Mistari hiyo tuliiita logi. Hakuna aliyeisoma. Ilikuwa ikirefuka tu, kwenye diski ileile iliyobeba kila kitu kingine.

Asubuhi moja, kabla ya mambo haya ya jirani, logi iliijaza diski mpaka ikawa hapana pa kutia hata mstari mmoja. Seva ilikuwa imepangwa hivyo: ikikosa pahala pa kuandika logi, inakataa kufanya lolote. Skrini zote ziliganda. Kwenye dirisha la dawa kina mama walisimama na watoto wenye homa, na mzee mmoja wa kisukari alianguka kwenye foleni, akainuliwa na kilemba chake kimefunguka. Mkuu wa kitengo chetu alikuja mbio. "Futa!" akanambia. "Futa chochote!" Nikaifuta logi yote ya nyuma, na skrini zikarudi. Tokea siku hiyo akaamuru logi ikae mwezi mmoja tu, kisha seva iifute yenyewe. Sikumlaumu. Yule mzee nilimwona kwa macho yangu.

Kesho yake, baada ya jirani kushuka, nikaiuliza logi: nani aliyefungua ukurasa wake mwezi huu? Ikanijibu. Daktari wake. Maabara. Dirisha la dawa. Na Ghala, mara kadhaa, ya mwisho siku ileile ya vidonge vipya, wakati wa alasiri.

Nikatazama kama kuna daktari aliyeomba jalada lake la zamani. Hakuna. Wala hakuwa na jalada. Alijiandikisha pale baada ya kompyuta kuja, na maisha yake yote ya ugonjwa yalikuwa kwenye seva. Kule bohari hakukuwa na kitu chake hata kimoja cha kutafutwa.

Tangu hapo nikawa naufungua ukurasa wake kila asubuhi, kutazama tarehe ya kliniki na kuilinganisha na mistari ya Ghala. Tarehe ikibadilishwa leo, kesho Ghala washaitazama. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na mistari niliyoihitaji ilikuwa inangoja kufutwa. Nikenda kwa mkuu wa kitengo.

Alikuwa mtu wa makamo, wazazi wake wa Unguja, akiendesha vikao kwa Kiarabu na kuingia kwenye Kiswahili pale tu anapokuwa na wasiwasi.

"Ustadh, logi hii tusiiache ifutwe," nikamwambia.

"Na diski? Utaipanua kwa dua?"

"Diski mpya tumeiomba."

"Tumeiomba, na tumejibiwa tusubiri. Unataka watu waanguke tena kwenye foleni?"

"Nipe siku chache nikutafutie nafasi humuhumu."

Akanitazama, akakubali kwa kichwa.

Nikaipima logi. Niliandika inakua kiasi gani kwa siku, ikifika Ramadhani itakuwa wapi, ikifika Hija itakuwa wapi, na lini diski itajaa kama hatutafuta kitu. Hesabu ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani mkuu. Ndipo nikauliza ni mistari ya nani inayotula nafasi. Haikuwa ya watu. Mashine ya maabara ilikuwa ikiiuliza seva kila mara kama kuna sampuli mpya, mchana na usiku, hata maabara ikiwa tupu, na kila swali lilipata mstari wake. Watu walikuwa kipande kidogo sana cha logi. Tukiacha kuandika maswali ya mashine, diski ileile ingeweza kubeba logi ya mwaka mzima, na nafasi ikabaki.

Mkuu aliisoma karatasi yangu mara mbili. "Sawa," akasema. "Kuanzia leo hatufuti. Na hii habari ya Ghala naipeleka kwa utawala." Nikarudi mezani kwangu nimefurahi.

Furaha ile haikukaa. Siku chache baadaye aliniita, akafunga mlango. Juu ya meza palikuwa na kurasa zilizotoka kwenye printa, logi ya mwezi ule ya ukurasa wa jirani yangu.

"Utawala wameuliza suala," akanambia kwa Kiswahili. "Hebu soma."

Mistari ya Ghala ilihesabika kwa vidole. Mistari yenye jina langu ilishuka kutoka juu ya ukurasa mpaka chini, ikaendelea ukurasa wa pili.

"Anayemsoma mwanamke huyu kuliko wote ni wewe," akasema. "Na washaambiwa kwamba mnakaa nyumba moja."

"Nani kawaambia?"

Akazigeuza kurasa zile, uso chini. Nilikuwa nikimtafuta mtu, na mashine ikaniandika mimi. Mwezi mmoja ulikuwa umeninasa ninavyotafuta, ukaiacha nje miezi yote ambayo sikuwa nikitafuta. Kila kilichoandikwa pale kilikuwa kweli, lakini mtu akikisoma angenifukuza kazi, au zaidi ya kazi.

"Miezi ya nyuma ingeonyesha nani alianza," nikasema.

"Miezi ya nyuma tumeifuta."

"Kwenye diski tu. Kila mwisho wa mwezi, kabla logi haijakatwa, seva nzima tunainakili kwenye tepu."

"Na tepu zinakaa wapi?" akauliza. Wote wawili tulikuwa tukijua. Zilikuwa Ghala, kwenye chumba cha baridi cha bohari, na ufunguo alikuwa nao karani.

Nilikwenda mwenyewe. Dereva wa hospitali aliegesha kwenye kivuli cha ukuta, akabaki garini. Nje ya bohari watu walikuwa wakigonga mabati, harufu ya rangi na mpira uliounguzwa imejaa hewani, na lami ilikuwa laini kwa joto. Ndani palikuwa kimya na giza kidogo, rafu za majalada zimepanda mpaka darini.

Karani nilikuwa sijapata kuonana naye. Nilimtarajia mtu mwenye sura ya uovu. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu imepigwa pasi, sauti laini, Kiswahili cha Unguja mjini.

"Karibu, dada. Nimepigiwa simu unakuja." Alishanimiminia kahawa, na sahani ya tende ilikuwa mezani. Pembeni ya sahani kompyuta ilikuwa inawaka.

Nikasema nina haraka. Akachukua ufunguo, akatangulia. Tepu zilikuwa zimepangwa vizuri, kila mwezi na kibandiko chake.

"Zote hizi mnazitakia nini?"

"Tunajaribu kama bado zinasomeka."

"Vizuri," akasema. "Vitu vikikaa sana huharibika."

Nilipokuwa nikizitia kwenye boksi nikaona pengo. Mwezi mmoja haukuwepo.

"Hiyo iliingia joto," akasema kabla sijauliza. "Kiyoyozi kilikatika. Nkaitupa."

Boksi alilibeba yeye, hakukubali nilishike. Alilitia kwenye gari, akafunga mlango taratibu, kisha akainama kwenye dirisha langu.

"Nisalimie watu wa Khoudh. Na yule mwanao mdogo, kifua kimepoa? Watoto wenye pumu, vumbi la kule haliwafai."

Mtoto wangu mdogo alikuwa amelazwa hospitalini kwetu kwa pumu msimu uliopita. Ofisini nilimwambia mkuu peke yake, nilipoomba ruhusa. Nikamtazama mtu yule, naye akanitazama kwa uso wa kunitakia heri.

"Alhamdulillahi," nikamjibu. Ndilo neno lililonitoka. Dereva akaondoa gari, na njia nzima mpaka Ghubra nililiwekea mkono boksi lile, kama kwamba lingeweza kushuka.

Seva haikuwa na nafasi ya kufungulia tepu. Tukatoa stoo kompyuta kuukuu iliyostaafishwa, mhandisi wetu kutoka Kerala akaifunga diski za akiba, tukaanza kufungua mwezi mmoja mmoja. Kila tepu ilichukua muda mrefu, na chombo cha kuisomea kilikuwa kikikwaruza kama kinachotaka kukata tamaa. Mkuu alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

Mwezi wa kwanza: Ghala. Wa pili: Ghala. Kila wiki, tangu jirani yangu alipotoka nyumbani kwa mumewe. Siku moja kabla ya kila kliniki. Siku aliyoandikisha anwani yake mpya ya Khoudh, Ghala walikuwa wameifungua kabla jua halijatua.

Mwezi uliotupwa ulikuwa ule aliohama nyumba yake ya mwanzo baada ya talaka. Alikuwa amekodi Ghubra, na siku moja alirudi kutoka skuli akakuta mlango haukufungwa na kitanda, alichokiacha ovyo asubuhi, kimetandikwa. Hakuna kilichoibwa. Polisi walimwambia labda kasahau. Huo mwezi hatukuweza kuusoma.

Nikaingiza namba ya mwanangu. Ghala. Nikaingiza yangu. Ghala, na ukurasa aliousoma ulikuwa wa anwani.

"Tafuta wengine," mkuu akasema. "Usimtaje mtu. Tafuta waliofunguliwa kutoka Ghala na hawana jalada Ghala."

Majina yakatokea, na karibu yote yalikuwa ya wanawake. Wauguzi wetu wenyewe, wasichana wa chuo kikuu waliokuja mara moja kwa homa, wajane. Skrini ilijaa, nikashusha, ikajaa tena. Mkuu akanisomea namba moja kwa kichwa, bila ya kusema ni ya nani. Nikaiingiza. Ghala ilikuwepo, mara nyingi. Akavua kofia yake, akaketi kwenye kiti cha mhandisi.

"Khalas," akasema. "Funga."

Namba ile ilikuwa ya nani sikupata kumuuliza, wala yeye hakunambia mpaka nilipoacha kazi.

Karani aliitwa Ghubra. Nilikuwepo, kwa sababu ilibidi nieleze mistari ile ina maana gani. Hakukana. "Yule ni rafiki yangu tokea utoto," alisema. "Akiniuliza mkewe hajambo, nisimwambie?"

"Hakuwa mkewe tena," mkuu akamwambia.

"Kwangu mimi ni mke wa rafiki yangu."

Alipoulizwa juu ya wale wengine alitazama mikono yake, na hakuna aliyemshikilia ajibu. Katika kanuni za miaka ile hapakuwa na kifungu kinachosema kutazama ni kosa. Utawala ukamhamisha, kazi ileile, hospitali nyingine, mji wa Sohar, kaskazini. Mimi niliambiwa kwa mdomo kwamba sina lawama. Tepu zikatolewa Ghala. Kuanzia hapo logi ilikaa mwaka mmoja kwenye diski, na tepu zake hazikutupwa bila ya saini mbili. Kila tulipopanga mahitaji ya mwaka mpya, mkuu alianza kwa kuniuliza, "Logi itahitaji nafasi kiasi gani?" kabla ya kuuliza kuhusu kitu chochote kingine.

Nilimpigia simu mwenzetu wa kompyuta kule Sohar. Nikamwamkia, nikamuuliza logi yao wanaiweka muda gani.

"Logi?" akasema. "Diski yetu ndogo, dada. Tunakata kila wiki."

Nikamweleza, akasema inshallah watatazama.

Mwaka ule jirani yangu alikuwa ameomba uhamisho wa skuli. Kaka yake alikuwa na nyumba Sohar, yenye uwa mkubwa na chumba cha mama yao, na alikuwa akimngoja. Uhamisho ukatoka. Alishuka kunambia akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu tujuane, kisha, katikati ya maneno, akasita.

"Yule karani," akasema, "mlimpeleka wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia.

Akakaa. Muda mrefu alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga. "Basi siendi," akasema.

"Kaka yako yuko kule. Huwi peke yako."

"Na nikiugua? Dawa nakunywa kila siku ya Mungu. Nitakwenda kuandikishwa wapi, kama si mbele yake?"

Akaukataa uhamisho. Kaka yake alikasirika, wakawa hawasemezani muda mrefu, na mama yao alifariki akiwa bado ghorofani kwetu, akikitaja chumba kile ambacho hakuwahi kulala ndani yake.

Mtalaka hakuonekana tena kwenye maegesho ya kliniki. Siku zake hakuzijua tena. Lakini skuli aliijua, na nyumba yetu aliijua, na kwa hayo hakuhitaji kompyuta ya mtu. Kuna wiki alipita mbele ya geti mara mbili, na kuna miezi hakupita, na hiyo miezi ilikuwa mirefu zaidi kwetu. Mume wangu alifunga taa kubwa nje. Watoto nikawakataza kucheza njiani, na hawakuelewa kwa nini.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, jirani alinambia hataki tena hospitali yetu, hata na logi ya mwaka. "Siyo nyinyi," alisema. "Ila kila nikitaja jina langu pale dirishani, naona kama nampa mtu." Alikuwa amesikia habari za daktari mmoja mzee, mtaa wa Ruwi, juu ya duka la vitambaa, asiyetumia kompyuta. Nikampeleka. Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka spiriti. Daktari aliandika kwa kalamu kwenye kadi, na nyuma yake kabati la chuma lilikuwa na kufuli.

"Anwani?" akamuuliza.

"Muscat."

"Simu?"

"Sina," akasema, na simu ilikuwa mkobani kwake.

Daktari aliandika hivyohivyo, akaitia kadi kabatini, akafunga. Mimi nilikaa pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachopotea. Nilimtazama yule mzee anavyozungusha ufunguo, nikajikuta naomba kabati lile lishike moto siku moja, kadi zote ziwe majivu, na asibaki hata mtu mmoja wa kusema jirani yangu aliwahi kuingia pale.